Fissidens, mosi yenye mfuko kwenye jani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Inama kando ya kijito chenye kivuli, pale ambapo udongo wa ukingo haukauki, utazame kwa karibu. Huenda ukakuta vijimea vya kijani vilivyolala bapa, kila kimoja kama unyoya mdogo uliodondoka. Vingi vya namna hiyo ni Fissidens. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo yanayorudi kila mara watu wanapokutana nayo. Nimeyapanga jinsi udadisi unavyokuja, sikufuata utaratibu wa kitabu.

Fissidens ni nini hasa?

Ni jenasi ya mosi yenye spishi zipatazo 440, moja ya jenasi kubwa za mosi duniani. Kwa kawaida huwekwa peke yake katika familia yake, Fissidentaceae. Spishi nyingi ziko tropiki, lakini zimeenea mpaka nchi za baridi. Zilizo ndogo kabisa zina urefu wa milimita chache, ukizitazama umesimama utadhani ni vumbi la kijani. Zilizo kubwa, hasa za majini, zinaweza kupita sentimita 10.

Mosi ndiyo kuvu?

Hapana, ingawa lugha inatusumbua kidogo hapa. Watu wengi wakiona kitu cha kijani kimetanda kwenye jiwe bichi husema "kuvu" au "ukoga". Kuvu ni jamii moja na uyoga: haijitengenezei chakula kwa mwanga, hula vilivyooza au hunyonya vilivyo hai. Ukoga ni jina la utando wowote wenye utelezi, hata ule wa kwenye meno. Mosi ni mmea kamili, una shina, majani na klorofili, na chakula chake hujipikia wenyewe. Ndiyo maana hapa natumia neno mosi, nalo halihusiani na ile mosi ya kuhesabia mosi, pili, tatu.

Kuvumwani nayo ni kitu kingine kabisa. Hiyo ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja, na mara nyingi hutanda kwenye magome na mawe makavu yenye jua, mahali ambapo Fissidens nyingi zisingekaa.

Nitaitambuaje?

Hili ndilo swali ninalopenda kuliko yote, kwa sababu jibu lake ni la uhakika. Kuna jenasi nyingi za mosi ambazo hata mtaalamu hawezi kuzitaja bila hadubini. Fissidens unaitambua kwa lenzi ya mkononi inayokuza mara 10, na ukishaijua mara moja hutaisahau.

Anza na umbo la mmea mzima. Majani yamepangwa safu mbili tu, moja kushoto na moja kulia mwa shina, kama meno ya kitana chenye pande mbili. Mmea wote ni bapa. Mosi za kawaida huzungushia majani yake shina pande zote, zikafanana na brashi ya kusafishia chupa.

Umbo bapa pekee halitoshi, maana lina waigaji. Uthibitisho uko kwenye jani. Lowesha mmea, chomoa jani moja kwa kibanio, uliweke kwenye kioo au kwenye ukucha wa kidole gumba. Nusu ya chini ya jani imegawanyika kurasa mbili, nazo zimelikumbatia shina pamoja na kitako cha jani lililo juu yake, mfano wa mtu aliyepanda punda, mguu huku na mguu huku. Zinapokutana kwenye mshipa wa kati, kurasa hizo hufanya mfuko mwembamba. Ncha ya sindano ukiielekeza vizuri inaingia ndani yake. Juu ya mfuko, jani huendelea likiwa ukurasa mmoja, na nyuma ya mshipa wa kati kuna ukurasa mwingine unaoshuka kuelekea chini.

Hakuna mosi nyingine yenye jani la namna hii. Ukiona mfuko, umeipata. Usipouona hata baada ya kulowesha na kujaribu majani matatu au manne, weka jina hilo pembeni, hata kama mmea unafanana nayo namna gani.

Ni mimea gani huwachanganya watu?

Wanaoongoza ni hepatika zenye majani, ndugu wa karibu wa mosi. Zinapenda mahali palepale na nyingi zinalala bapa vilevile. Tofauti ni kwamba majani ya hepatika hayana mshipa wa kati, mara nyingi ni ya mviringo au yana ndewe, na ukiugeuza mmea unaweza kukuta safu ya tatu ya vijani vidogo upande wa tumboni. Fissidens karibu zote zina mshipa wa kati unaoonekana. Zisizo nao ni chache mno.

Kisha kuna mosi bapa za jenasi kama Neckera. Hizi majani yake hutoka pande zote za shina, ila yamelala kushoto na kulia kana kwamba yamepigwa pasi. Mfuko hazina.

Watu wengine hudhani wameona mche wa kangaga. Kosa hilo hata wataalamu wa zamani walilielewa: spishi moja iliitwa Fissidens adianthoides, maana yake "inayofanana na Adiantum", na Adiantum ni jenasi ya kangaga.

Kwa nini majani yamepangwa safu mbili?

Jibu liko kwenye seli moja. Kwenye ncha ya kila shina la mosi kuna seli kuu inayogawanyika bila kuchoka, na kila kipande inachokikata huja kuzaa jani. Katika mosi nyingi seli hiyo ina nyuso tatu za kukatia, hivyo vipande hutoka kwa mzunguko na majani yakalizunguka shina. Ya Fissidens ina nyuso mbili tu. Inakata kushoto, inakata kulia, inarudi kushoto. Cha ajabu, mche ukiwa bado mchanga sana seli hiyo huwa na nyuso tatu kama ya wenzake, kisha hubadilika.

Na ule mfuko ulitokea wapi?

Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba jani la asili la Fissidens ni zile kurasa mbili za chini tu. Ukurasa wa juu na ule wa nyuma ni maongezeko yaliyochipuka kutoka kwenye mshipa wa kati. Yaani sehemu tunayoiona kuwa ndiyo jani, iliyo pana na iliyo mbele ya macho, ni nyongeza, na jani lenyewe ndilo lililokumbatia shina kimyakimya. Mfuko una faida pia: tone la maji likiingia hunaswa humo kama maji kwenye kiganja, likabaki kugusa jani na shina baada ya nje kukauka.

Jina limetoka wapi?

Kilatini: fissus ni kilichopasuka, dens ni jino. Halihusiani na majani hata kidogo. Kibweta cha spora, yaani chembe za uzazi za mosi, kinapofunguka, mdomoni pake hubaki meno 16, mara nyingi ya rangi nyekundu, na kila jino limepasuka kuanzia karibu na katikati likawa na ncha mbili kama uma. Meno hayo hujikunja na kujinyoosha kadiri unyevu wa hewa unavyobadilika, na kwa kufanya hivyo hurekebisha utokaji wa spora.

Aliyeipa jenasi hii jina ni Johannes Hedwig, daktari aliyezaliwa mwaka 1730 Kronstadt, mji ambao leo ni Brașov nchini Romania, akaishia Leipzig, Ujerumani. Alikuwa anatibu wagonjwa mchana na kutazama mosi kwa hadubini wakati uliobaki, na ni miongoni mwa wa kwanza kueleza sawasawa viungo vya uzazi vya mosi. Alifariki mwaka 1799. Kitabu chake kikuu kilitoka mwaka 1801, yeye akiwa kaburini, na mpaka leo majina ya kisayansi ya mosi karibu zote huhesabiwa kuanzia tarehe 1 Januari 1801 kwa sababu ya kitabu hicho. Majina ya kabla ya hapo hayana nguvu, isipokuwa ya kundi la Sphagnum.

Kwa nini inapenda kivuli na unyevu?

Haya ni mambo mawili, ingawa tumezoea kuyataja pamoja.

Tuanze na unyevu. Jani la Fissidens kwa kawaida lina unene wa seli moja, na halina ngozi nene ya nta inayozuia maji kutoka kama jani la mwembe. Maji huingia kupitia uso wote wa mmea na hutoka kupitia hukohuko. Hakuna mfereji wa kuyapandisha kutoka ardhini kwa wingi, wala tangi la kuyahifadhi. Hewa ikiwa na unyevu, mmea una unyevu. Hewa ikikauka, mmea unakauka ndani ya saa chache. Seli zikikauka, kazi ya kutengeneza chakula husimama. Kwa hiyo mahali pazuri ni pale ambapo mmea unabaki umelowa saa nyingi zaidi kwa siku: ukingo wa kijito, mdomo wa pango, kitako cha mti mkubwa, jiwe linalorushiwa matone na maporomoko.

Kivuli ni habari nyingine. Mmea huu hauhitaji giza, unahitaji mwanga kama mmea mwingine wowote. Ila unatosheka na mwanga kidogo, kiasi ambacho kingeyaua kwa njaa majani mengi ya mimea mikubwa. Umbo lake bapa husaidia: shina hulala au huinamia upande mwanga unakotokea, na majani yote yaliyo kwenye uso mmoja huupokea bila kukingana. Kwenye kivuli hiki nyasi na magugu marefu hayastawi, kwa hiyo kamosi ka sentimita moja hakafunikwi.

Mambo haya mawili yanakutana kwa kuwa kivuli hupunguza ukaukaji. Ukiuweka mmea juani lakini ukaunyunyizia maji mfululizo, spishi kadhaa zitavumilia. Zipo za kwenye miamba ya chokaa, kama Fissidens dubius, ambazo hukubali mahali pakavu na penye mwanga kuliko wenzake.

Jua likiwaka wiki nzima itakufa?

Inategemea spishi. Nyingi hujikunja majani na kusinyaa, rangi ikafifia, ukadhani zimekwisha. Ziloweshe, na baada ya dakika chache majani yamenyooka tena. Spishi zilizozoea maji ya kudumu ndizo zisizovumilia.

Ina mizizi?

Haina. Ina nyuzi za rangi ya kahawia zinazoishikiza kwenye udongo au jiwe. Chakula na maji hupitia zaidi majani.

Inazaaje bila maua wala mbegu?

Kwa safari ndefu kuliko unavyofikiri, na kila hatua inadai maji.

Spora moja, chembe ambayo upana wake katika spishi nyingi ni kama maikromita 10 hadi 20 (maikromita 1,000 ni milimita moja), inatua penye unyevu. Inachipua uzi wa kijani uitwao protonema, unaotambaa na kugawanyika matawi. Kwenye uzi huo huota vichipukizi, na kila kichipukizi hukua kikawa ule mmea wenye majani tunaoujua. Mmea huu ndio unaobeba viungo vya uzazi, vya kiume na vya kike, wakati mwingine kwenye shina moja, wakati mwingine mbalimbali.

Mbegu za kiume zina mikia miwili na huogelea. Ndiyo, huogelea, mmea uko nchi kavu lakini kutungwa kwa mimba kunasubiri mvua au umande, na umbali wa sentimita chache ni bahari. Jaribio lililochapishwa mwaka 2006, lililofanywa kwa mosi ya jenasi nyingine, Bryum argenteum, lilionyesha kwamba utitiri na vidudu vidogo viitwavyo kolembola wanaweza kuzibeba mbegu hizo. Kwa hiyo maji si mchukuzi pekee kwa mosi zote.

Baadhi ya spishi za Fissidens zimelipatia tatizo hili ufumbuzi wa kuchekesha. Madume yake ni vibete. Mmea wa kiume haukui zaidi ya kichipukizi kidogo sana, na huota juu ya mwili wa mmea wa kike au kwenye nyuzi zake. Umbali wa kuogelea unabaki karibu na sifuri. Mtu asiyejua anaweza kuchunguza shamba zima la mmea huo akaapa kwamba hauna madume.

Yai likishatungwa halitoki. Linakulia palepale kwa mama, linatoa kikonyo chembamba, na juu ya kikonyo kibweta chenye kifuniko na kofia. Kifuniko kinadondoka, yale meno 16 yanabaki yakichungulia, spora zinapeperuka.

Zisipopata bahati hiyo, kuna njia za mkato. Kipande cha shina au jani kilichokatika kinaweza kuanzisha mmea mpya, na spishi kadhaa hutengeneza vinundu vidogo kwenye nyuzi zake za chini, ambavyo husubiri udongoni mpaka hali iwe nzuri.

Nianze kujifunza kwa spishi gani?

Chukua mbili zinazokinzana. Fissidens taxifolius huota kwenye udongo wa mfinyanzi wenye kivuli. Majani yake hayana ukingo wa rangi tofauti, mshipa wa kati hutokeza kidogo kwenye ncha kama kimwiba, na kikonyo hutokea chini, karibu na kitako cha shina. Fissidens bryoides ina ukingo mweupe wa seli ndefu unaozunguka jani kama pindo la kanga, na kikonyo hutoka kwenye ncha ya shina. Ukishaona tofauti hizo mbili, yaani pindo na mahali pa kikonyo, umeshika maswali mawili ya kwanza ambayo karibu kila mwongozo wa utambuzi utakuuliza.

Fissidens grandifrons nayo huwezi kuikosea: ni ngumu kuishika, ya kijani iliyokolea, na jani lake lina unene wa seli kadhaa badala ya moja. Hukaa kwenye mawe ya chokaa yanayopigwa na maji, na vibweta vyake ni nadra kuonekana.

Ni kweli ipo inayoishi ndani ya maji moja kwa moja?

Ipo. Fissidens fontanus, majani membamba yaliyoachana, mashina malaini yanayoyumba na maji. Imejitenga kimaumbile kiasi kwamba zamani iliwekwa katika jenasi yake yenyewe, Octodiceras, na kuna vitabu ambavyo bado vinatumia jina hilo.

Wafugaji wa samaki wa mapambo wanaipenda. Ifunge kwa uzi mwembamba kwenye jiwe au kipande cha mti, tandaza nyuzi chache tu badala ya rundo, kisha usubiri. Inakua polepole sana, na hapo ndipo wengi hukosea: wanaongeza taa wakidhani inahitaji mwanga, kumbe wanaulisha mwani, na mwani ukishajifunga kwenye majani hayo membamba kuuondoa ni kazi ya kibanio na subira. Taa ya wastani, maji safi yasiyo ya moto na mwendo mdogo wa maji vinatosha. Ipunguze kwa mkasi. Vipande vilivyokatwa usivitupe, vitaota.

Naweza kuiotesha kwenye chupa ya kioo?

Unaweza, hasa zile za udongoni. Chukua kipande kidogo pamoja na udongo wake, kiweke kwenye chupa yenye mfuniko, mbali na jua la moja kwa moja. Chupa iliyofungwa ikipigwa na jua hupika mmea kwa muda mfupi. Tumia maji ya mvua ukiweza; ya bomba huacha chumvi na chokaa kwenye majani. Usiweke mbolea. Fungua mfuniko mara moja moja, na ukiona nyuzi nyeupe za kuvu, acha wazi siku nzima.

Usikwangue eneo lote unapochukua. Kipande cha ukubwa wa sarafu kinatosha, na katika hifadhi za taifa kuchukua mmea wowote bila kibali huwa ni marufuku.

Inaharibu ukuta na vyungu?

Haitoboi. Hushikilia unyevu tu, na ikiwepo kwa wingi ni ishara kwamba unyevu ulikuwepo tayari. Tafuta bomba linalovuja kabla ya kutafuta dawa ya kuiua. Kwenye ngazi na njia za kupita iondoe kwa brashi, kwa sababu ya utelezi.

Nikiipata nimwonyeshe mtaalamu, niihifadhi vipi?

Usiitie kwenye mfuko wa plastiki, itaoza. Ikunjie kwenye bahasha ya karatasi na uiache ikauke yenyewe, bila kuibana na vitabu kama maua. Mosi iliyokaushwa hivyo hudumu miaka mingi, na siku ikihitajika tone la maji linatosha kuyarudishia majani umbo lake, mfuko na vyote.

Kwenye bahasha andika tarehe, mahali, na kitu ilichokuwa imeotea: udongo, jiwe, gome, au maji. Andika kwa penseli. Bahasha hizi hulowa, na wino huchuruzika.